Mkate Mmoja Ulioondoka na Uyoga

Saa moja asubuhi, na bamba la chuma limeshashika moto. Mama mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na miwili analimwagia mafuta kidogo, anayatandaza kwa mwiko bapa, kisha anamimina beseni zima la vitunguu vilivyokatwa vyembamba. Vinapiga kelele mara moja, halafu vinatulia.

“Kitunguu hakitaki haraka,” anasema bila kuinua macho. “Ukikikimbiza kitaungua nje, ndani kibaki kibichi. Kama mtu aliyepewa cheo kabla ya wakati wake.”

Kwa saa nzima anavigeuza. Vinatoka kwenye weupe, vinakuwa rangi ya chai ya maziwa, kisha kahawia ya kung’aa. Vikishika chini, anavinyunyizia maji, mvuke unapanda, anakwangua, vinaachia. Tayari foleni imeanza: mafundi wa gereji ya jirani, wafunga vitabu wa kiwanda cha uchapaji kilicho ng’ambo ya barabara, na mwanamke mwenye mwavuli anayetaka mikate mitatu “na usinipunje vitunguu.”

Upande wa pili wa bamba, penye moto mkali zaidi, ni wa uyoga. Lakini kabla haujafika hapo, kila uyoga mmoja unapita mkononi mwake. Anaugeuza kichwa chini. Anatazama chini ya kofia, anapapasa shina lote hadi kwenye kitako, ndipo anauweka kwenye ubao ukatwe. Anafanya hivyo mara hamsini, mara mia.

Fundi mmoja aliye nyuma kwenye foleni anashindwa kuvumilia. “Mama Bamba, unaukagua uyoga au unauposa?”

Watu wanacheka. Yeye hacheki. Anayejibu ni wifi yake, dada wa mumewe, anayekata vitunguu pembeni: “Kaka, subiri. Mimi ningeupekua uyoga mmoja mmoja siku ile, sote tungekuwa tunacheka mpaka leo.”

Jina la Mama Bamba alipewa na mafundi wa gereji, kwa sababu ya hilo bamba lake, ambalo mmoja wao alilikata kutoka kwenye ubavu wa tangi kuukuu. Amelipikia kwa miaka kumi na minne. Anachouza ni kitu kimoja: mkate mdogo uliopasuliwa katikati, ukajazwa vitunguu na uyoga. Siku nzuri anauza mikate themanini. Kwa mikate hiyo amesomesha watoto watatu na kumaliza kuezeka nyumba ambayo mumewe, dereva wa lori, aliianza akaishia kwenye kuta.

Wifi alijiunga naye miaka sita iliyopita, baada ya ndoa yake kuvunjika. Mwanzoni walivumiliana tu. “Unajua mambo ya mawifi,” anasema Mama Bamba. “Yeye aliona nimemchukua kaka yake, mimi niliona amekuja kuhesabu sufuria zangu. Lakini mkono wake kwenye kisu ni mwepesi, siwezi kusema uongo.”

Siku anayoisema wifi ilikuwa Jumanne, mwaka jana.

Uyoga wao ulikuwa ukitoka kwa mwanamke kijana anayeulima kwenye mifuko ya majani makavu, ndani ya chumba cha giza. Wateja wake humwita Glavu, kwa kuwa hajawahi kuonekana akishika uyoga kwa mikono mitupu. Jumatatu jioni Glavu alipiga simu: ukungu wa kijani ulikuwa umeingia kwenye mifuko, wiki hiyo hana mavuno. Walikuwa wamebakiza boksi moja tu.

Alfajiri ya Jumanne wifi akaenda sokoni. Akamkuta mwanamke ameketi na beseni la uyoga, mpya, wenye umande. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya Glavu. Akanunua wote.

“Nilijiona mjanja,” anasema wifi. “Nilirudi naimba.”

Aliukata kabla jua halijachomoza, kwa mwanga wa balbu moja. Vitako vyenye udongo alivikata na kuvitupa, kama anavyofanya mtu yeyote anayetaka chakula kisafi. Hakujua kwamba pamoja na udongo alikuwa anatupa ile alama ambayo ingewaonya.

Boksi la Glavu liliisha saa tano. Saa tano na nusu akaja mteja asiyemfahamu, mwanamume wa makamo mwenye rangi ya bluu kwenye viwiko na kwenye sikio moja. Akataka mkate mmoja, wa kwenda nao. “Nijazie, mama,” alimwambia. “Nina ukuta mrefu kuliko siku yenyewe.” Mama Bamba akamkaangia uyoga wa kwanza kutoka kwenye lile beseni la uyoga wa sokoni, akaufunga mkate kwenye karatasi, mteja akaondoka akipiga mluzi.

Kisha akaanza kuandaa chakula cha mchana. Kiwanda hupiga king’ora saa saba, na watu hutoka kwa mpigo. Akamwaga uyoga uliobaki kwenye bamba, fungu refu kama mto wa kulalia. Ukaanza kutoa maji, ukanywea, ukageuka rangi. Harufu, anasema, ilikuwa nzuri ajabu.

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini alipoingiza mkono kwenye beseni apate kuliosha. Vidole vyake vikagusa uyoga mmoja mdogo uliokuwa umejibanza chini ya jani, mzima, haujakatwa.

Akauinua kwenye mwanga. Kofia yake ilikuwa ya kijani kilichofifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Chini ya kofia, weupe mtupu. Shingoni, ngozi laini iliyoning’inia kama skafu. Na chini kabisa, shina lilikuwa limesimama ndani ya mfuko mweupe uliopasuka, kama yai.

“Nywele zilinisimama,” anasema. “Glavu alishawahi kuniambia, tukiwa tunacheka tu. Alisema, ‘Mama, uyoga ukiuona umevaa soksi na skafu, ujue umejiandaa kwa safari, na abiria ni wewe.’ Nilicheka sana siku hiyo. Sasa nimeushika mkononi. Na soksi yake. Na skafu yake.”

Akaupiga picha kwa simu, akaituma. Haikupita dakika moja, simu ikalia.

“Zima jiko,” Glavu alisema. Hakusalimia.

“Lakini nina watu wa saa saba hapa…”

“Mama, zima jiko! Nani ameshakula?”

Mama Bamba anasema hakumbuki kuzima gesi. Anachokumbuka ni mwiko wake ukilisukuma lile fungu lote, uyoga na vitunguu vya saa nzima, ndani ya ndoo ya majivu. Anakumbuka wifi amesimama na kisu mkononi, mdomo wazi, machozi yanatiririka na wala si ya vitunguu. Na anakumbuka akisema kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa ni yake: “Yule mtu wa rangi.”

Hawakujua jina lake. Hawakujua alikotoka. Walichojua ni bluu.

Wakagawana njia hapo hapo. Wifi akafunga kibanda na kukimbilia sokoni. Mama Bamba akavuka barabara hadi duka la vifaa vya ujenzi, akiwa na aproni yake, mwiko bado mkononi, na ule uyoga mdogo umefungwa kwenye karatasi.

“Nani kanunua rangi ya bluu?”

Mwenye duka akafikiri anatania. “Bluu ipi, mama? Bluu zipo nyingi.”

“Ya mbingu! Ya sikioni!”

Mwenye duka akamtazama vizuri, akaacha kucheka. Akafungua daftari lake. Ndoo sita za bluu ya mbingu, juzi. Zimekwenda shule ya chekechea, nyuma ya uwanja wa mpira.

Hapo anasimama katikati ya kusimulia, anafuta mikono kwenye aproni ingawa mikono haijalowa.

“Chekechea,” anarudia. “Uliwahi kusikia neno likakupiga kifuani? Niliona watoto. Niliona mtu ana mkate, na watoto wanamzunguka.”

Alikimbia. Kwa mwendo wa kawaida ni dakika ishirini. Hajui yeye alitumia ngapi. Mlinzi wa getini, alipomwona mama anakuja mbio na mwiko wa chuma umeinuliwa juu, alijifungia kwenye kibanda chake, na hadi leo hutaniwa kwa hilo.

Yule fundi mpaka rangi alikuwa juu ya ngazi, mluzi mdomoni. Nusu ya ukuta ilikuwa mbingu, nusu nyingine saruji.

“Ule mkate!” Mama Bamba alipaza sauti. “Umeula?”

“Nimeula, mama, hata karatasi nimeilamba. Kwani vipi? Nimelipa.”

“Umekula peke yako?”

Akakuna kichwa. “Kuna katoto kalikuja kuniomba…”

Mama Bamba hakungoja amalize. Alishika ngazi, ngazi ikatikisika, na yule mtu huko juu akakumbatia ukuta.

“…nikakaambia kakamwombe mama yake. Mkate kama ule haugawiwi, mama. Mbona unataka kuniangusha?”

Mama Bamba alikaa chini, kwenye majani, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamwambia ashuke waende hospitali.

Mpaka rangi alikataa. Alikuwa na kila sababu ya kukataa: tumbo halimuumi, kichwa hakimuumi, ukuta unamngoja, na mbele yake yuko mwanamke mgeni mwenye mwiko. “Mimi mzima kabisa,” alisema.

“Ndiyo ubaya wake huo!”

Mama Bamba akampigia Glavu, akaweka sauti ya nje, akainua simu juu ya kichwa chake kuelekea kwenye ngazi. Sauti ya yule binti ikasikika uwanjani, pole na wazi: “Kaka, huo uyoga haukuumi mchana huu. Unangoja. Utakapoanza kukuuma, utakuwa umeshafika kwenye ini. Shuka, tafadhali.”

Mpaka rangi akaweka brashi juu ya ndoo. Akashuka ngazi moja, akatulia. Ya pili. Alipofika chini, uso wake ulikuwa umebadilika. “Nina watoto wawili,” alisema, akatangulia kuelekea getini.

Hospitalini muuguzi aliutazama ule uyoga kwenye karatasi, akamwita daktari, na daktari akaja mbio. Mpaka rangi akanyweshwa mkaa wa dawa uliokorogwa kwenye maji, akatundikiwa dripu. Muuguzi akachukua kalamu.

“Nani mwingine amekula?”

“Hakuna,” Mama Bamba alijibu. “Yeye tu. Namshukuru Mungu, yeye peke yake.”

“Wewe ndiye mpishi?”

“Ndiyo.”

Muuguzi akainua macho. “Na hukuonja?”

Anaposimulia sehemu hii, mwiko wake unasimama juu ya bamba, na vitunguu vinaanza kushika chini bila yeye kuona. Wifi ananyoosha mkono na kuvinyunyizia maji.

“Nilimtazama yule muuguzi,” anasema. “Nikautazama mkono wangu. Nilionja! Vipande viwili, nilipokuwa nauandaa wa saa saba. Mpishi gani haonji? Mji mzima nimekimbia natafuta aliyekula, kumbe aliyekula mwingine ni mimi. Saa tatu nzima sikujikumbuka hata mara moja.”

Kisha anasema jambo ambalo linamtisha mpaka leo kuliko yote. “Ulikuwa mtamu. Huo ndio ukweli. Katika miaka yote hii sijawahi kuonja uyoga mtamu kama ule. Niliongeza chumvi kidogo, nikasema moyoni, leo watafurahi.”

Akalazwa kitanda kilicho jirani na cha mpaka rangi. Kufikia usiku wote wawili walikuwa wakitapika na kuharisha. Siku ya pili asubuhi maumivu yakaisha, na mpaka rangi akaomba viatu vyake arudi kazini. Daktari aliyewahudumia anaikumbuka asubuhi hiyo.

“Huo ndio mtego wa sumu hii,” anasema. “Mgonjwa anaamka mzima, anataka kwenda nyumbani, na ini linaendelea kuharibika kimyakimya. Kuupika hakuondoi sumu. Wangekuja siku ya pili badala ya siku ya kwanza, nisingependa kukuambia tungefanya nini.”

Siku ya tatu macho ya mpaka rangi yakawa ya manjano. Alikaa hospitalini siku kumi na moja. Mama Bamba, aliyekula kidogo, alikaa sita.

Wifi alifika jioni ile ya Jumanne, akasimama mlangoni mwa wodi bila kuingia. Mume wa Mama Bamba alikuwa safarini na lori lake. Hakukuwa na mwingine wa kusema naye.

“Wifi,” alisema kutoka pale mlangoni, “mimi ndiye niliyenunua.”

“Na mimi ndiye niliyekaanga,” Mama Bamba alimjibu. “Ingia, unazuia hewa.”

Akaingia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, na ndipo akasimulia alichokikuta sokoni.

Yule mwanamke wa beseni alikuwa bado yupo, anauza mchicha. Wifi alikwenda amejaa hasira, tayari kumshika nguo. Alipomwambia, mwanamke hakubisha wala hakujitetea. Aliinuka tu, mchicha ukamwagika. Uyoga ule alikuwa ameuchuma mwenyewe chini ya miti ya misonobari. Alidhani ni ule anaoujua tangu utotoni. Alikuwa ameuza wote kwa wifi, isipokuwa fungu moja. Hilo alikuwa ameliacha nyumbani, wanawe wapike mchana.

“Tulikimbia wote wawili,” anasema wifi. “Mimi niliyekuja kumpiga ndiye niliyemshika mkono maana alikuwa anaanguka njiani. Tulipoingia uani, binti yake mkubwa alikuwa ameinama anapuliza mkaa. Sufuria iko juu ya jiko. Uyoga umo ndani, maji hayajachemka.”

Mwanamke huyo aliipiga sufuria teke, anasema wifi, kisha akawapanua watoto wake midomo mmoja mmoja kwa vidole, akitafuta kama kuna aliyetafuna. Hakukuwa na aliyetafuna.

Kibanda kilifungwa wiki tano. Bwana afya alikuja, akakagua, akaandika, akaruhusu. Lakini ruhusa ya bwana afya haikuwarudisha wateja. Kutoka mikate themanini, Mama Bamba aliuza tisa siku ya kwanza, saba siku ya pili, na yote ilikuwa ya vitunguu vitupu. Watoto wa mtaani wakambadilisha jina, wakamwita Mama Sumu. Alilisikia jina hilo akiwa anaoga nyumbani kwake, likiimbwa nje ya ukuta.

“Nilimwambia mume wangu, liuze bamba kwa wanaonunua chuma chakavu. Akasema sawa. Lakini kila siku akawa anasahau kuliuza.”

Wiki ya pili baada ya kufungua, saa saba mchana, watu wa kiwanda walikuwa wanapita ng’ambo ya barabara bila kugeuka. Mwanamume mmoja aliyekonda, suruali imefungwa kwa kamba, akasimama peke yake mbele ya kibanda. Kwenye kiwiko chake bado kulikuwa na doa la bluu.

“Mkate mmoja,” mpaka rangi alisema kwa sauti ya kusikika hadi getini kwa kiwanda. “Wa vitunguu. Nijazie!”

Akaula pale pale amesimama, taratibu, huku wote wanamtazama. Alipomaliza akawageukia. “Mimi ndiye niliyeharibikiwa ini, na huyu mama ndiye aliyenitikisa ngazi nikapona. Nyinyi mnaogopa nini?”

Siku hiyo ilinunuliwa mikate thelathini na moja.

Leo mauzo yamerudi karibu yalipokuwa. Uyoga ulirudi kwenye bamba miezi minne iliyopita, wa Glavu peke yake, na Glavu asipokuwa nao, hakuna. Mpaka rangi huja kila Ijumaa, lakini kwa vitunguu tu. “Uyoga sili tena,” anasema, “hata ukiniambia ndio unaopikwa peponi.”

Mama Bamba naye sasa ana mpango, na si wa peke yake. Nyuma ya nyumba yake kuna chumba kilichokuwa stoo. Kuta zake zimepakwa chokaa, madirisha yamezibwa kwa magunia mabichi, na kwenye boriti imening’inia mifuko kumi na miwili ya majani makavu. Ndani ya mifuko, nyuzi nyeupe zimeanza kutambaa kama ukungu kwenye kioo. Glavu amewafundisha kwa wiki mbili, na kila anayeingia sharti anawe na avae glavu.

Wanaolima ni watatu: Mama Bamba, wifi yake, na yule mwanamke wa beseni. Tangu siku ile hajachuma tena porini, na kwa miezi mingi alikosa cha kuuza. Wifi ndiye aliyemfuata.

Anapoulizwa kama hana kinyongo, Mama Bamba anatikisa kichwa kwa mshangao, kana kwamba swali limeulizwa kwa lugha nyingine. “Kinyongo na mtu aliyewaachia wanawe uyoga ule ule?”

Mifuko inatarajiwa kuchanua wiki ijayo. Glavu ameshawaambia kuwa uyoga huo hauna shaka, maana mbegu ni yake, lakini wanawake hawa watatu wameafikiana jambo lao: mavuno ya kwanza hayauzwi.

“Tutaukaanga hapa hapa, tutakula sisi watatu, kila mtu sahani yake,” anasema Mama Bamba, akiupapasa mfuko mmoja kwa ncha ya kidole. “Kisha tutangoja siku tatu. Siku ya nne tukiamka wote, nitawasha jiko, na nitauza.”